Tarantula akikwama kujivua gamba: usimvute!

Leo tupumzike kidogo na siasa. Na kujivua gamba ninakozungumzia hapa sio kule kwa CCM mwaka 2011, ni kujivua gamba kwenyewe kabisa.

Nafuga tarantula. Najua wengine mmeshashika kandambili, lakini nisikilizeni. Niliye naye ni jike wa aina ya Pterinochilus murinus, yule buibui mkubwa wa rangi ya chungwa. Anapatikana Tanzania, Kenya na nchi nyingine kadhaa za Afrika, na wafugaji wa huku Ujerumani ninakoishi wanamwita "Usambara". Ndiyo, Usambara ileile ya Lushoto. Nyumbani tungemponda, huku nilimkuta dukani ndani ya kikopo chenye jina la milima yetu.

Kabla yake nilikuwa na mwingine. Yule nilimuua kwa mikono yangu nikidhani namsaidia. Ndiyo sababu ya makala hii.

KWA NINI ANAJIVUA

Buibui hana mifupa. Kinachomshikilia ni gamba la nje, na gamba hilo halikui, kwa hiyo akitaka kukua lazima alivue. Mdogo hujivua kila baada ya wiki kadhaa, mkubwa mara moja kwa mwaka au hata zaidi ya mwaka. Jike huendelea hivyo maisha yake yote. Dume akishakomaa kwa kawaida hajivui tena, na siku zake zinakuwa zimeanza kuhesabika.

Anavua kila kitu: miguu, meno ya sumu, mpaka utando wa ndani wa tumbo la kufyonzea chakula. Na kazi yote hiyo inategemea maji ya mwilini. Buibui hunyoosha miguu kwa msukumo wa damu, kama jeki ya gari inavyotumia mafuta. Wakati wa kujivua, damu inasukumwa kutoka tumboni kwenda mbele mpaka ngao ya mgongoni inabanduka, kisha miguu inachomolewa taratibu. Asipokuwa na maji ya kutosha msukumo unakuwa hafifu, na hapo ndipo anapokwama.

DALILI

1. Anagoma kula. Mkubwa anaweza kugoma hata miezi.
2. Rangi inafifia, tumbo linakuwa limejaa na kung'aa.
3. Anaziba mlango wa shimo lake kwa utando.
4. Anatandika utando chini kama mkeka, halafu analala chali.

Namba 4 ndiyo inayowachanganya watu. Wengi wanadhani amekufa, wanamtupa jalalani akiwa hai. Tarantula anayekufa kwa kawaida hubaki kifudifudi, miguu imejikunja chini yake kama ngumi. Akilala chali, mwache, yuko kazini.

NILIVYOMUUA WA KWANZA

Nilitoka kazini nikamkuta chali, gamba limetoka nusu, miguu mitatu imenasa. Nikasubiri kama nusu saa hivi, uvumilivu ukanishinda. Nikachukua kibano, nikavuta. Gamba likaja na mguu wenyewe. Damu yao si nyekundu jamani, ni kama maji yenye ubluu kwa mbali, kwa hiyo hata sikuelewa mara moja kwamba anavuja damu. Asubuhi alikuwa amekufa.

Kumbe mwili mpya unakuwa laini mno, kama ute ulioanza kuganda. Na kuchukua saa kadhaa kwa buibui mkubwa ni kawaida kabisa. Haraka ilikuwa yangu, sio yake.

AKIKWAMA UFANYE NINI

- Toa nyenje au mende wowote waliomo ndani. Mdudu mwenye njaa anaweza kumtafuna akiwa laini.
- Kama bado anajisukuma, hata polepole, usimguse.
- Kama ameacha kuendelea na miguu imenasa, chukua brashi ndogo ya kuchorea, ichovye kwenye maji ya vuguvugu, udondoshee tone kwenye gamba la zamani pale kwenye viungo. Subiri, rudia.
- Usimwagie maji tumboni. Mapafu yake yako upande wa chini wa tumbo, na akilala chali ndiyo yanakuwa juu.
- Usivute. Mguu uliokwama moja kwa moja anaweza kuukata mwenyewe, na utaota upya akijivua tena.
- Ngao ya mgongoni ikikataa kubanduka kabisa, mara nyingi hatoki. Tusidanganyane.

Baada ya kujivua, meno yanakuwa meupe, kisha mekundu, mwisho meusi. Mpe maji tu. Chakula kisubiri mpaka meno yawe meusi; mimi mkubwa nampa baada ya wiki mbili hivi.

Huyu wa sasa naye alikwama, miguu miwili ya nyuma. Safari hii nilikaa na brashi karibu saa tatu, tone kwa tone. Mguu mmoja ukatoka, mwingine akaukata mwenyewe. Alipojivua tena ulikuwa umeota, mwembamba lakini unakanyaga.

KINGA NI BORA

Kosa langu halisi lilianza miezi kabla ya kile kibano. Niliambiwa aina hii ni ya sehemu kavu, nikaacha kuweka maji. Ni kweli udongo wake uwe mkavu, lakini kibakuli cha maji masafi kiwemo siku zote. Usiloweshe udongo wote, maana hewa nzito yenye unyevu inaleta ukungu. Akianza kugoma kula usimhamishe wala usimchokonoe.

Tahadhari: aina hii ni ya mbio na haina mchezo. Sijasoma popote kwamba imeua mtu, ila maumivu ni makali na misuli inaweza kukaza kwa siku kadhaa. Tumia brashi yenye mpini mrefu, sio vidole.

Kwa mlioko nyumbani: simshauri mtu aende porini kumkamata. Wanyamapori wana sheria zake, na aliyeko shimoni kwake anajivua vizuri bila msaada wetu. Ila siku ukimkuta mmoja chali, weka kandambili chini, muache amalize.

Naomba kuwasilisha. Mwenye swali au nyongeza aweke hapo chini.