Historia ya Vipimo, sehemu ya 6: Ng'ombe wa maabara

Leo tunakamua.

Mwaka 1937 kule Palermo, Italia, Carlo Perrier na Emilio Segrè waligundua teknetiamu. Aina yake inayofaa kupiga picha za mwili ina shida moja: kila baada ya saa 6 nusu yake imeisha. Utaisafirishaje?

Mwaka 1958 Walter Tucker na Margaret Greene wa maabara ya Brookhaven, Marekani, wakapata njia: safirisha mama yake, molibdenamu, ambayo nusu yake huisha baada ya saa 66 hivi. Mama ananata ndani ya kichupa. Ukipitisha maji ya chumvi, anatoka mtoto peke yake. Wataalamu wenyewe wanakiita ng'ombe, na kazi hiyo kukamua!

Kisha teknetiamu inaunganishwa na dawa inayofuata mifupa, na kamera inaonyesha kama saratani imefika huko.

Kwa hiyo ndugu yako akipewa rufaa ya kipimo hiki Ocean Road, Dar es Salaam, asichelewe. Sisi wafugaji tunajua, maziwa hayakai. Wala asiogope: kesho yake dawa karibu yote imeshaisha. Ila kama ananyonyesha au ni mjamzito, aseme kabla ya sindano.