Saa ya Ukutani na Haki ya Warithi

Mkataba wa biashara wa mwaka 1833 baina ya Sultani Said bin Sultan na Marekani uliwafungulia wafanyabiashara wa Salem milango ya Zanzibar. Merikebu zao zilileta kitambaa ambacho hadi leo tunakiita merikani, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Katika karne hiyohiyo, saa za ukutani za kutiwa ufunguo, zilizoundwa ng'ambo, zilipata nafasi katika kumbi za wenye uwezo.

Chombo kilikuwa cha kigeni, bali hesabu ilibaki ya wenyeji. Siku ya Waswahili huanza magharibi, na kwa kuwa Zanzibar i karibu na ikweta, machweo hayasogei sana mwaka mzima. Mashine ikaitii desturi. Tarehe 27 Agosti 1896, muda ambao Waingereza walimpa Khalid bin Barghash ulikwisha saa tatu asubuhi. Kwa hesabu yao ilikuwa saa tisa. Mizinga ilinguruma kwa muda usiotimia saa moja, na mnara uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib ukaharibiwa.

Leo saa za aina hiyo zinauzwa, na wauzaji hulaumiwa kwamba wanauza historia. Lawama hiyo haina uadilifu. Saa haigawanyiki kama shamba. Ikibaki ukutani, kwa kawaida hubaki kwa ndugu anayeishi katika nyumba, ilhali dada aliyeolewa mbali hapati chochote katika fungu alilopewa na sheria ya mirathi. Kuuza na kugawana thamani huenda ndiyo njia pekee ya kumfikishia haki yake.

Hasara iko kwingine: saa huondoka bila maelezo yake. Nani aliinunua, ilitundikwa nyumba gani, fundi yupi aliitengeneza, nani alikabidhiwa ufunguo? Mnunuzi hupata mbao na shaba. Jamii hupoteza ushahidi wa namna watu wake walivyoishi na wakati.

Kwa hiyo warithi na wauze, lakini kwanza waipige picha, wamhoji mzee aliyesalia na kuandika asemayo. Nao watumishi wa idara za nyaraka na makumbusho wapokee maandishi hayo hata pale wasipokuwa na fedha za kununua saa yenyewe. Kurasa mbili hazimnyimi mrithi yeyote fungu lake.