Oksitosini katika ubongo
Oksitosini ni homoni ya peptidi yenye asidi amino 9, inayotengenezwa kwenye haipothalamasi. Mkemia Vincent du Vigneaud aliiunda maabarani mwaka 1953. Kwa mama anayenyonyesha, mtoto akivuta chuchu homoni hii humwagika kwenye damu na maziwa hushuka. Ndani ya ubongo kazi yake ni pana na ya ajabu zaidi: hubadilisha utoaji wa dopamini na serotonini, na katika amigdala huchochea seli za neva zinazotoa GABA, kemikali inayotuliza, hofu ikatulia. Lakini katika sindano ya yuniti 10 za oksitosini anayochomwa mzazi ili asivuje damu nyingi, ni kiasi kidogo mno kinachopenya ubongoni.