Kujitolea au Kutozwa? Historia Fupi ya Kazi Isiyo na Mshahara katika Elimu ya Wanyama wa Pori

1. Swali

Katika Marekani na Kanada, kijana anayetaka kuwa mtaalamu wa wanyama wa pori hupitia kwanza kazi za msimu: kuhesabu viota, kuvisha ndege pete, kufuata nyayo, kuandika vipimo. Baadhi ya nafasi hizo hazina mshahara, na ziko zilizomtaka mwombaji ajilipie hata nauli na chakula. Kazi ya namna hii Kiswahili huiita kujitolea. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba neno hilo linafunika mambo mawili yasiyofanana.

2. Kutoka burudani hadi taaluma

Mwanzo ulikuwa mwema. Wakati wa Krismasi ya 1900, Frank Chapman aliwaalika watu wahesabu ndege badala ya kuwapiga risasi kama ilivyokuwa desturi ya sikukuu. Watu 27 waliitika. Hesabu hiyo yaendelea hata leo, na elimu imefaidika nayo sana. Tukumbuke lakini kwamba mhesabu ndege wa namna hiyo ana riziki yake mahali pengine, haombi kazi.

Hali iligeuka pale elimu hii ilipokuwa taaluma. Mwaka 1933 Aldo Leopold alipewa uprofesa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mwaka 1937 wataalamu waliunda chama chao, The Wildlife Society. Mwaka uliofuata, sheria ya kazi ya Marekani iliweka mshahara wa chini wa senti 25 kwa saa. Hata hivyo mlango mmoja ulibaki wazi: mwaka 1947 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya kampuni ya reli ya Portland Terminal, kwamba watu waliokuwa wakifundishwa kazi kwa siku saba au nane hawakuwa wafanyakazi mbele ya sheria hiyo. Mwaka 1957 shirika la Student Conservation Association lilianza kupeleka wanafunzi katika hifadhi, na sheria za 1972 na 1978 ziliruhusu idara za misitu na za wanyama kupokea watu wa kujitolea. Kila hatua ilikuwa na nia njema. Lakini kadiri uzoefu wa porini ulivyozidi kuwa sharti la kuajiriwa, aliyekuja kusaidia bure aligeuka kuwa mwombaji anayebisha hodi.

3. Mjadala

Mwaka 2015 Auriel Fournier na Alexander Bond waliandika katika jarida la chama hicho, Wildlife Society Bulletin, kwamba kutumia wasaidizi wasiolipwa kunaidhuru elimu yenyewe. Kiini cha hoja ni hiki: asiye na wa kumlisha kwa miezi kadhaa hawezi kupita mlango huo, hata awe na kipaji namna gani. Taaluma hupoteza watu wake kabla ya kuwajua.

Upande wa pili hujibu kwamba fedha za utafiti ni haba, na kwamba bila wasaidizi wa bure tafiti nyingi hazingefanyika. Jibu hili lina uzito, hasa kwa mtafiti ambaye mwenyewe ni mwanafunzi. Lakini uhaba wa fedha haueleze kwa nini mzigo wake utwishwe yule aliye chini kabisa.

Sheria nayo haikufunga mjadala. Mwaka 2018 Wizara ya Kazi ya Marekani ilikubali kipimo cha kuuliza nani anafaidika zaidi, mwanagenzi au mwajiri. Kipimo hicho kinahusu makampuni yanayotafuta faida, ilhali wanyama wa pori huchunguzwa zaidi na vyuo, idara za serikali na mashirika yasiyo ya faida.

4. Neno

Hapa mwanaisimu ana la kusema. Kutokana na shina -toa tunapata -tolea, na kwa kiambishi -ji-, -jitolea: mtu anaitoa nafsi yake kwa ajili ya jambo, kwa hiari yake. Kutokana na shina hilohilo tunapata -toza, na -tozwa: mtu anatolewa kitu kwa amri ya mwingine. Sisi Wakongo tofauti hiyo tunaijua. Salongo ya wakati wa Mobutu ilisifiwa kama moyo wa kujenga taifa, lakini asiyefika alijua kinachomngoja.

5. Hitimisho

Kipimo tunachopendekeza ni chepesi: je, aliyefanya kazi hiyo angeweza kuikataa bila kupoteza njia ya kuingia katika taaluma? Akiweza, amejitolea, naye anastahili shukrani. Asipoweza, ametozwa, naye anastahili mshahara. Swali hili si la Wamarekani peke yao. Wanafunzi wetu wanaofanya staji katika hifadhi na maabara wanaulizwa hilohilo, na jibu litaamua ni watoto wa nani watakaoandika kesho elimu ya misitu yetu.