"Foie", ini na tunda la tini: historia ya jina moja la nyama

Katika masoko ya Goma, Bukavu na Uvira, mama anayetaka nyama laini ya kupikia wagonjwa huomba maini. Hotelini, nyama hiyo hiyo inaandikwa "foie". Hospitalini, ugonjwa unaoishambulia unaandikwa "hépatite". Ni maneno matatu, na yote yanahusu sehemu moja ya mwili.

"Ini" ni neno la nyumbani. Wakikuyu wa Kenya, walio mbali na sisi, nao husema "ini". Ni mojawapo ya maneno ya zamani ya lugha za Kibantu, na lilitumika kabla Mbelgiji hajafika Congo.

"Foie" lilikuja pamoja na Kifaransa cha wakoloni. Wengi wanadhani tangu mwanzo lilikuwa jina la ini. Sivyo. Asili yake ni tunda: tini.

Waroma wa kale waliita ini "iecur". Lakini wapishi wao, wakifuata mfano wa Wagiriki, waliwalisha bata bukini na nguruwe tini kavu ili maini yao yanenepe na kuwa matamu. Mwandishi Pliny, aliyefariki mwaka 79, anasema Apicius, tajiri aliyependa sana kula, ndiye aliyeanzisha ufundi huo kwa nguruwe. Chakula hicho kiliitwa "iecur ficatum", yaani ini lililononeshwa kwa tini, kwa sababu tini kwa Kilatini ni "ficus".

Jina lilikuwa refu. Watu wakaacha "iecur", wakabaki na "ficatum". Polepole neno hilo likawa jina la ini lolote, la mnyama au la binadamu, hata lile ambalo halijawahi kuonja tini. Ndipo Wafaransa wakapata "foie", Waitalia "fegato", Wahispania "hígado", na Wareno, waliotawala jirani zetu wa Angola, "fígado". Wagiriki wa leo nao husema "sykoti", kutoka neno lao la tini.

Waganga hawakufuata jikoni. Walishika neno la kale la Kigiriki, "hêpar", na humo ndimo ilimotoka "hépatite". Hivyo hata Mfaransa anayekula "foie" kila wiki halisikii ndani ya jina la ugonjwa huo.

Kwa wakaaji wa Congo, umbali huo ni mkubwa zaidi. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, lakini karatasi ya hospitali inaandikwa kwa Kifaransa. Mama anaambiwa ana "hépatite B", anarudi nyumbani na jina geni, bila kujua kwamba ni ini lake linalougua. Na virusi hivyo hupita kwa damu, kwa ngono, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaa. Chanjo ipo. Lakini asiyeelewa ugonjwa unakaa wapi mwilini, atauliza vipi kuhusu chanjo ya mtoto wake?

Dawa ya hilo haihitaji pesa. Mganga akishaandika "hépatite", aongeze kwa mdomo: "ni ugonjwa wa ini, maini yale mnayonunua sokoni." Mgonjwa atashika mkono ubavuni, na maswali yataanza.