Moshi wa Sherehe na Moshi wa Kazi: Miaka 150 ya Reli ya Chini ya Ardhi ya London

Jumapili ya tarehe 13 Januari 2013, injini ya mvuke iliyoundwa mwaka 1898 ilivuta mabehewa ya mbao kutoka Kensington Olympia hadi Moorgate, katikati ya jiji la London. Ilipita katika mahandaki ambayo kwa zaidi ya karne moja yamekuwa makao ya treni za umeme. Nyuma ya msafara ilikuwapo injini ya zamani ya umeme iitwayo Sarah Siddons, ili kusaidia. Watu walijipanga majukwaani na kamera zao, na moshi ulipotanda stesheni walishangilia. Safari hizo zilirudiwa wiki iliyofuata, na hamu ya watu ilikuwa kubwa kiasi kwamba tiketi ziligawiwa kwa bahati nasibu.

Jiji lilikuwa likiadhimisha miaka 150 ya reli ya kwanza duniani ya kubeba abiria chini ya ardhi ya mji. Serikali ilitoa hata sarafu mbili za pauni 2 za ukumbusho. Siku hizi, ninapofundisha historia ya miji, huitumia sherehe hiyo kama somo, kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kulikwepa: taifa linapoamua kukumbuka reli yake, linakumbuka nini hasa, na linasahau nini?

Tuanze na yaliyokumbukwa, kwa kuwa yanastahili heshima. Injini ile, Metropolitan Namba 1, iliundwa katika karakana ya Neasden. Mwaka 1904 ndiyo iliyovuta treni ya ufunguzi wa njia ya Uxbridge. Ilistaafu mwaka 1963, ikahifadhiwa na watu waliojitolea. Behewa Namba 353, la mwaka 1892, lilipita mkondo mrefu zaidi: liliuzwa kwa reli ndogo ya mashambani, baadaye likageuzwa duka, na hatimaye likafufuliwa na mafundi wa reli ya Ffestiniog huko Wales. Mbao zilirudishiwa rangi, viti vikafumwa upya. Hiyo ni kazi ya uhifadhi inayofanywa na watu wanaoamini kwamba chombo cha kazi kina thamani baada ya kazi yake kwisha.

Lakini reli ile haikuanza na injini. Ilianza na wakili. Charles Pearson alikuwa mwanasheria wa Halmashauri ya City of London, na kwa muda fulani mbunge. Katika miaka ya 1840 aliona jiji lililosongamana hadi mafukara wanaishi familia nzima katika chumba kimoja, kwa sababu kibarua alipaswa kulala mahali ambapo angeweza kufika kazini kwa miguu. Hoja yake ilikuwa rahisi: wajengewe nyumba zenye bustani nje ya jiji, kisha iwepo reli yenye nauli ndogo ya kuwaleta kazini na kuwarudisha. Kwa Pearson, reli ilikuwa sera ya makazi. Alihubiri hoja hiyo kwa takriban miaka 20, na mwishowe akaishawishi halmashauri yake kununua hisa za pauni 200,000 katika kampuni ambayo wenye fedha walikuwa wakiisitasitia.

Ujenzi ulianza mwaka 1860 chini ya mhandisi John Fowler. Njia haikutobolewa kwa mashine kama tunavyoona leo. Barabara ilichimbwa mtaro mpana, kuta za matofali zikajengwa pande mbili, tao likafunika juu, kisha udongo ukarudishwa. Mwezi Juni 1862 mfereji wa majitaka wa Fleet ulipasuka na kufurika ndani ya handaki. Kazi ilisimama, kisha ikaendelea. Mwezi Septemba mwaka huohuo Pearson alifariki dunia, miezi minne kabla ya treni ya kwanza kuanza safari.

Karamu ya ufunguzi ilifanyika Farringdon tarehe 9 Januari 1863. Inasimuliwa kwamba Waziri Mkuu Palmerston, aliyekuwa na umri wa miaka 78, aliomba radhi akisema kuwa kwa umri wake angependelea kubaki juu ya ardhi kadiri iwezekanavyo. Kesho yake wananchi waliingia. Watu wapatao 38,000 walisafiri siku hiyo ya kwanza kati ya Paddington na Farringdon, umbali wa kilomita 6 hivi, katika mabehewa yaliyomulikwa kwa taa za gesi. Nauli ya daraja la tatu ilikuwa peni 3, la pili peni 4, la kwanza peni 6.

Hadi hapa ni simulizi ambayo sherehe yoyote ingeikariri kwa fahari. Sasa tushuke bondeni.

Ili reli ifike Farringdon, ilipaswa kupita katika bonde la mto Fleet, eneo la vichochoro na nyumba za kupangisha. Kampuni za reli zilipenda njia za aina hiyo kwa sababu ardhi yake ilikuwa rahisi na wakazi wake hawakuwa na wa kuwasemea. Mwenye nyumba alilipwa fidia. Mpangaji wa wiki kwa wiki alipewa notisi tu, akakusanya vyombo vyake na kuondoka. Makadirio yanayotajwa mara nyingi na wanahistoria ni kwamba watu wapatao 12,000 walipoteza makazi kwa ajili ya ujenzi huo. Walikwenda wapi? Hawakwenda kwenye nyumba zenye bustani za ndoto ya Pearson, maana hazikujengwa. Walijibana katika mitaa ya jirani, na msongamano ambao reli ilikusudiwa kuuponya ukazidi.

Wala haikuwa kwa kukosa kanuni. Tangu mwaka 1853, kwa juhudi za Lord Shaftesbury, kampuni za reli zilitakiwa kuwasilisha bungeni taarifa ya idadi ya watu wa tabaka la vibarua ambao nyumba zao zingebomolewa. Taarifa zilipelekwa, lakini waliohesabu ni kampuni zenyewe, na kuhesabiwa hakukumpa mtu chumba. Nawaomba watumishi wa umma wanaosoma hapa wautafakari mfano huo kwa utulivu. Fomu ilijazwa kwa mujibu wa utaratibu, ikapokelewa, ikahifadhiwa katika jalada, na watu walewale waliotajwa ndani yake wakalala nje.

Jambo la pili ambalo sherehe ililipita haraka ni moshi wenyewe. Mwaka 2013 abiria waliuvuta kwa dakika chache na kuuita harufu ya historia. Kwa dereva na mchochea moto wa miaka ya 1880 ulikuwa hewa ya zamu nzima. Injini za awali zilitengenezwa ziweze kurudisha mvuke ndani ya matangi ya maji, lakini moshi wa makaa na gesi yake ya salfa haukuwa na pa kwenda. Malalamiko yalizidi hadi mwaka 1897 serikali ikaunda kamati ya kuchunguza hewa ya mahandaki. Katika ushahidi ilisikika habari ya mwuza dawa wa jirani na stesheni ya Gower Street, aliyekuwa akiwachanganyia abiria waliozidiwa dawa iliyoitwa kwa jina la reli hiyo. Kampuni kwa upande wake ilijitetea kwamba wafanyakazi wake wana afya njema.

Umeme haukuletwa na huruma. Uliletwa na ushindani. Mwaka 1890 ilifunguliwa reli ya chini ya ardhi yenye treni za umeme, na mwaka 1900 nyingine ikaanza kutoza peni 2 tu. Abiria walihama. Ndipo, mwaka 1905, njia ile ya zamani nayo ikawekewa umeme na moshi ukaondoka katikati ya jiji. Wanaharakati wajue hilo: ushahidi wa kamati uliandaa njia, lakini kilichoisukuma kampuni ni abiria kuwa na njia nyingine ya kusafiri.

Haki inanitaka niseme pia kwamba sehemu ya ndoto ya Pearson ilitimia. Mwaka 1864 kampuni ilianzisha treni za wafanyakazi, zilizoondoka kabla ya saa 12 asubuhi, kwa nauli ya peni 3 kwenda na kurudi. Mwandishi Henry Mayhew alisafiri nao na kuzungumza nao, akakuta watu ambao sasa waliweza kupanga vyumba viwili nje ya jiji kwa kodi ya chumba kimoja cha ndani. Mwaka 1883 Bunge lilipitisha sheria iliyozibana kampuni za reli kutoa treni za namna hiyo kama serikali ilivyoona inafaa. Kwa hiyo kibarua wa London alipata haki yake ya kusafiri katika hatua tatu: hoja ya mtu mmoja mkaidi, jaribio la kampuni, kisha sheria. Jaribio peke yake lingeweza kufutwa siku yoyote faida ilipopungua. Sheria ndiyo iliyolifanya kuwa haki.

Haya yanatuhusu vipi? Tazama tarehe. Mwishoni mwa Oktoba 2012, wiki chache tu kabla ya sherehe za London, treni za abiria za mjini zilianza safari Dar es Salaam, na wananchi wakaziita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Novemba 2012, stesheni ya Syokimau ikafunguliwa Nairobi. Miji yetu ilikuwa ikianza kuuliza swali la Pearson wakati London ikipiga picha jibu lake. Nasi tunalijua bonde la Fleet kwa jina letu wenyewe: bomoabomoa, na alama nyekundu ya X ukutani.

Kumbukumbu zetu nazo zina upofu uleule. Mwaka 1898, injini Namba 1 ilipokuwa ikiundwa Neasden, reli ya Uganda ilikuwa ikivuka mto Tsavo. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na wapatao 2,500 walifia kazini. Katika jumba la makumbusho ya reli la Nairobi limehifadhiwa behewa ambamo ofisa Charles Ryall aliuawa na simba mwaka 1900. Ni sawa lihifadhiwe. Lakini msomaji ajiulize ni vibarua wangapi wa reli hiyo, Wahindi au Waafrika, ambao mwanafunzi wa leo anaweza kuwataja kwa majina kama anavyomtaja Ryall.

Lugha yetu imeweka kumbukumbu ambayo hata London haina. Sisi bado tunasema gari moshi, hata pale ambapo injini ni ya dizeli au umeme. Moshi umebaki katika jina la chombo. Ingefaa basi tuwe watu wa kwanza kukumbuka waliouvuta.

Juni 2019, injini ileile ilipita tena chini ya London, kuadhimisha miaka 150 ya njia ya District. Ilitangazwa kuwa ni mara ya mwisho kwa mvuke katika njia za katikati ya jiji, kwa kuwa mfumo mpya wa ishara hauwezi kuendana nayo. Injini itabaki kwenye makumbusho, na watakaotaka kuiona wataiona.

Reli zetu mpya nazo zitafikisha miaka 50, kisha 100, na wajukuu wetu watatafuta cha kusherehekea. Mabehewa yatakuwapo. Ombi langu kwa wenye majalada ni kwamba yawepo pia majina: nani alihamishwa, alilipwa nini na lini, alikwenda kuishi wapi, nani aliumia kazini. Na kwa wanaopanga nauli, ombi ni kwamba saa 11 na nusu alfajiri mama anayewahi kufagia ofisi mjini awe na treni anayoimudu, kwa sheria na si kwa hisani.