Nairuzi: sikukuu iliyonishinda kuiprogramu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, wasomaji wangu, na sababu ni kalenda. Kikundi kimoja cha wavuvi huku Msambweni kiliniomba niwatengenezee programu ndogo ya simu, ioneshe bamvua na maji mafu, na iwe na sikukuu zote. Nikawaambia hiyo ni kazi ya siku mbili. Nina digrii ya kompyuta bwana, nitashindwaje na tarehe?

Nikashindwa mara mbili.

Ya kwanza ilikuwa Idi. Niliweka hesabu ya mwaka wa Kiislamu, ule wa siku 354 au 355, nikaiacha ifanye kazi yenyewe. Simu ikatangaza Idi asubuhi, watu bado wamefunga kwa sababu mwezi haukuandama. Wananicheka mpaka leo. Hilo nimelirekebisha: sasa programu inasubiri mwezi utangazwe.

Ya pili ndiyo iliyonifanya niandike leo. Mzee mmoja aliipekua simu kwa utulivu, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mbona Nairuzi haimo?"

Sikuwa na jibu. Neno nililisikia utotoni, sikujua ni nini. Basi nikaenda kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Nairuzi, au Siku ya Mwaka, ni mwaka mpya wa kale wa Waswahili. Jina limetoka Uajemi, na maana yake ni siku mpya. Katika pwani yetu watu walikuwa wakienda kuoga baharini asubuhi ya siku hiyo, na moto wa zamani ukizimwa ili uwashwe mpya. Makunduchi, kusini mwa Unguja, bado wanaiadhimisha kila Julai kwa jina la Mwaka Kogwa. Wanaume wanapigana kwa migomba na kibanda cha makuti kinachomwa moto.

Ilifikaje huku? Kwa jahazi na biashara ya Bahari ya Hindi. Huku kwetu kusini, kuanzia Gazi hadi Wasini na Vanga, wako wanaojiita Washirazi mpaka leo. Zamani wasomi wengi waliona hizo ni hadithi tu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA kutoka makaburi ya kale ya pwani. Ulionesha mchanganyiko ulioanza kiasi cha mwaka 1000: asili ya Kiafrika hasa upande wa akina mama, na ya Kiajemi hasa upande wa akina baba. Kwa hiyo wazee hawakuwa wanaota.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe, maana hapo ndipo nilipofurahi. Mwaka wa Nairuzi umegawanywa katika miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi. Miongo 36 ni siku 360. Ongeza siku 5 za mwisho, unapata 365. Kwisha. Hesabu hii ilitumiwa na wakulima na mabaharia, kwa sababu mwaka wa mwezi hauwafai: unarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Ramadhani inaweza kuangukia kaskazi, na miaka kadhaa baadaye ikaangukia kusi. Huwezi kupanda mahindi wala kupanga safari kwa kalenda ya namna hiyo.

Lakini Nairuzi ina mdudu, kama tunavyosema sisi watu wa programu: haina 29 Februari. Jua linahitaji siku 365 na karibu robo. Nairuzi haiijui robo hiyo, kwa hiyo kila miaka minne inawahi kwa siku moja, na kila karne kwa siku 24 au 25. Piga hesabu: kama sasa iko katikati ya Julai, miaka 100 iliyopita ilikuwa Agosti, na miaka 200 iliyopita mwanzoni mwa Septemba.

Waajemi wenyewe walilirekebisha jambo hili mwaka 1079, chini ya Sultani Malik Shah, na mmoja wa wanajimu waliofanya kazi hiyo ni Omar Khayyam. Ndiyo maana Nouruz ya Iran haitoki Machi. Waparsi wa India hawakuyafuata marekebisho hayo, na wengi wao husherehekea Agosti. Sisi pia tulibaki na toleo la zamani.

Linganisha na Mashujaa. Tarehe 20 Oktoba 1952 Waingereza walitangaza hali ya hatari Kenya. Baada ya uhuru tarehe hiyo ikawa Kenyatta Day, na katiba ya 2010 ikaiita Mashujaa. Mwaka 2024 sherehe za kitaifa zilifanyika hapa hapa Kwale. Siku hiyo haiwezi kupotea, imeandikwa kwenye katiba. Idi nayo haiwezi kupotea, ukiwa na shaka unatazama juu. Nairuzi haiko kwenye karatasi ya serikali wala haioneshwi na mwezi. Inaishi kwa mtu kuhesabu siku, moja baada ya nyingine, bila kuruka.

Nilirudi kwa yule mzee na hesabu yangu imekamilika. Nikamwambia nahitaji kitu kimoja tu, siku ya kuanzia. Anitajie Nairuzi moja aliyo na uhakika nayo, kompyuta itazijaza zilizobaki, za nyuma na za mbele.

Akanyamaza, halafu akasema: "Aliyekuwa akihesabu ni mjomba wangu. Sisi tulikuwa tunamuuliza yeye." Huyo mjomba alifariki zamani.

Ningeweza kuazima tarehe ya Makunduchi, lakini siwezi kuapa kwamba hesabu ya huku na ya kule zilikuwa sawa siku kwa siku. Kwa hiyo programu sasa ina Nairuzi, na mahali pa kuweka siku ya kuanzia pako wazi. Mistari kumi na mbili ya msimbo, inafanya kazi vizuri kabisa, haina la kuhesabu.

Kama nyumbani kwenu yuko mzee anayejua leo ni mwongo wa ngapi, tafadhali usingoje Julai. Muulize leo, na uandike tarehe.